Ni Nani Anayeyachafua Maji?

Tumeletewa mas-ala na ndugu yetu mmoja wa hapa Kakamega, nasi tumeona haifai kumjibu kwa siri, kwani jawabu lake lawahusu wengi. Ndugu huyu alianguka na bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku hiyo miguu haimtii wala kibofu hakimtii. Huenda kwa kiti cha magurudumu, na mkojo wake hutoka kwa mpira mwembamba uingiao katika mfuko uliofungwa pajani. Daktari wake alimpa idhini ya kuogelea. Alipofika kwenye bwawa moja la kulipia alirudishwa mlangoni mbele ya watu, akaambiwa ati atawatilia wenziwe najisi majini. Hakutuuliza kama ameonewa. Ametuuliza jambo zito zaidi: je, ni kweli kwamba yeye ni najisi?

Kwanza na tuyatazame maji yenyewe. Mpira ule hushikiliwa ndani ya kibofu kwa kipira kidogo kilichojazwa maji, na mkojo hupita mle mpaka mfukoni. Mwenye nao akiumwaga mfuko wake kabla ya kuingia, na viungio vikiwa vimekaza, mkojo wake hauna njia ya kufika bwawani. Sasa twawauliza walinzi wa mlango: wale vijana wanaoruka na kupiga mbizi kutwa nzima bila kutoka kwenda chooni, mkojo wao u wapi? Kila aogeleaye alijua jawabu, ila hapana alisemaye. Ile harufu kali ipigayo puani na kuwasha macho, ambayo wengi huidhani kuwa ni alama ya usafi, hutokana khasa na klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo wa watu. Basi ni ajabu kubwa kwamba katika bwawa zima aliyetolewa nje ni yule mmoja ambaye mkojo wake umefungwa.

Kilichowachukiza, basi, si mkojo bali ni kuuona mfuko. Jicho kuchukia ni tabia, na mtu halaumiwi kwa lililomjia moyoni bila kulitaka. Lakini kuigeuza karaha hiyo kuwa hukumu, na kuipa jina la usafi, hapo ndipo dhulma ianzapo. Kila mwenye afya yuabeba mfuko kama ule ndani ya tumbo lake. Tofauti ni ngozi iliyousitiri tu.

Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili kabla mipira hii haijatengenezwa. Mwenye maradhi ya kutokwa na mkojo bila kukatika, kwa madhehebu ya Shafii, hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha wakati wa sala ya fardhi uingiapo, kisha husali, na sala yake ni sahihi. Na Fatima binti Abi Hubaishi alipomwendea Mtume (s.a.w.) kwa taabu ya damu isiyokatika, hakuamrishwa kuiacha sala. Wanavyuoni hao hao wamesema kwamba maji yaliyofika kulla mbili, yaani kadiri ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi ila yabadilikapo rangi, ladha au harufu. Hatuyasemi haya ili watu wakojoe bwawani, hasha! Twauliza tu: mtu anayekubaliwa kusimama mbele ya Mola wake, ni nani amkataaye kwenye ngazi ya bwawa?

Wako wasemao kwamba kuogelea ni mchezo tu, naye akiukosa hatapungukiwa na kitu. Hawa hawajui wasemalo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianzisha mwaka 1944 wodi ya walioumia uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya siku hizo wengi wa wagonjwa hao walikufa upesi kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo. Yeye aliwatoa vitandani akawatia katika michezo. Na Roma, mwaka 1960, watu wa namna hii waliogelea katika mashindano ambayo leo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Mtu ambaye nchi kavu hubebwa na wenziwe, majini hujibeba mwenyewe. Na ndugu yetu aende wapi? Mtoni Isiukhu hapana mlinzi wala ada, lakini kiti cha magurudumu hakishuki kwenye kingo za matope, na maji yasiyotiwa dawa yana hatari kwa mwenye mpira.

Yako ya haki ya kumzuia: kidonda kilicho wazi, tundu la tumboni lililotobolewa karibuni kwa ajili ya mpira, homa ya maradhi ya mkojo, au mfuko unaovuja. Lakini mwenye kidonda au tumbo la kuhara naye azuiwe vivyo hivyo, ajapokuja kwa miguu yake miwili. Zaidi ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kupafikia kila mahali kwa kadiri inayowezekana. Na kifungu cha 27 chamkataza hata mtu binafsi kumbagua.

Ama swali lake la mwisho, kuhusu vazi, jawabu ni jepesi. Avae nguo ya kuogelea isitiriyo kutoka kitovuni mpaka magotini, ambayo ndiyo sitara ya kila mwanamume, na mfuko wa pajani utakuwa chini yake.