Nani Bora, na Nani Atakuwa Bora?

Kumpa mchezaji nafasi katika orodha ya walio bora ni kuhukumu mambo yaliyokwisha kutendeka. Kusema kwamba kijana fulani atafika mbali ni kuhukumu mambo ambayo hayajatendeka bado. Mashabiki wa mpira wa kikapu hutoa hukumu zote mbili katika mazungumzo yale yale, na ubishi wao hauishi kwa kuwa kila moja inataka ushahidi wa aina yake. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita soka ndiyo yenye watazamaji wengi, lakini kikapu nacho kina wafuasi wake, hasa vijana waliokicheza shuleni na katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA. Mechi za NBA zinazochezwa jioni kwenye miji ya mashariki mwa Marekani huwa zinaanza huku mnamo saa tisa usiku, hivyo wengi huzijua kwa vipande vya video na takwimu za asubuhi. Ubishi wa kijiweni, Kahama au Geita mjini, mara nyingi huanzia kwenye namba.

Namba hizo hazitoi jibu moja. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 akiwa na Boston Celtics kati ya 1957 na 1969. Michael Jordan alitwaa mara 6 na kumaliza kazi yake akiwa na wastani wa pointi 30.1 kwa mchezo. LeBron James ana ubingwa mara 4, lakini tarehe 7 Februari 2023 aliipita rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387, na tangu hapo hakuna aliyefunga nyingi kumzidi. Anayehesabu mataji humweka Russell juu. Anayetazama wastani wa kufunga humchagua Jordan, na anayetazama jumla ya pointi humchagua LeBron. Mashabiki hawa watatu hawabishani juu ya ukweli wowote uwanjani, maana takwimu wanazikubali wote. Wanabishania kipimo, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyekitaja.

Soka ya Geita ilitoa mfano wa jambo hilo hilo. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara ya msimu wa 2021/22, mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Ubingwa ulikwenda Yanga, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi akapewa Yannick Bangala, kiungo ambaye kazi yake haipimwi kwa mabao. Watu watatu waliongoza kwa njia tatu tofauti: mmoja kwa mabao, mwingine kwa mchango wa jumla, na Mayele, aliyekosa tuzo zote mbili, kwa kuwa mshambuliaji tegemeo wa timu bingwa. Orodha moja inayowapanga wote bila kusema inapima nini haina maana ya kueleweka.

Hata mashabiki wakitaja vipimo vyao, kuunganisha hukumu zao kuwa hukumu moja kuna ugumu wake. Mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa Condorcet aliuonyesha mwaka 1785. Chukua mashabiki watatu. Wa kwanza anampanga Jordan, kisha LeBron, kisha Russell. Wa pili anaanza na LeBron, kisha Russell, kisha Jordan. Wa tatu anaanza na Russell, kisha Jordan, kisha LeBron. Wakipiga kura kwa jozi, wawili kati ya watatu watasema Jordan ni bora kuliko LeBron. Wawili watasema LeBron ni bora kuliko Russell. Na wawili watasema Russell ni bora kuliko Jordan. Kila mmoja wao ana mpangilio ulionyooka, lakini kundi zima linazunguka kama ng'ombe anayezungusha kinu cha mafuta. Mwaka 1951 mchumi Kenneth Arrow alithibitisha kwamba tatizo hili halina dawa kamili: pakiwa na machaguo matatu au zaidi, hakuna utaratibu wa kujumlisha mipangilio ya watu unaotimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki. Kijiwe kinachoshindwa kuafikiana juu ya nani bora huenda hakina mjinga hata mmoja.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kumaliza ubishi wa aina hii. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi vingi, na ushindani wao huonekana hadi leo katika sherehe za Bulabo zinazofanyika Bujora, karibu na Mwanza, kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa zaidi. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinajulikana kabla ya ngoma kuanza na kila mtu anaweza kukiona kwa macho. Kasoro yake ni kwamba kinapima mvuto, na mvuto unaweza kutokana na ustadi, vituko, hata hila. Ndiyo maana washindani wamekuwa wakituhumiana kutumia dawa za kuvuta watu. NBA nayo iliwahi kuwaachia mashabiki peke yao kura ya kuchagua wanaoanza mchezo wa nyota. Mwaka 2017 iliipunguza kura hiyo hadi nusu, ikawapa wachezaji robo na wanahabari robo. Mabadiliko hayo yalikiri kwamba kupendwa na kuwa bora ni mambo mawili, na kwamba lolote kati ya hayo linaweza kupimwa kihalali, mradi lisivishwe jina la mwenzake.

Hukumu juu ya chipukizi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kinachohukumiwa hakijatokea. Swali hili ni la kale katika falsafa. Wanafalsafa wa Megara, katika Ugiriki ya kale, walishikilia kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutumia: mjenzi asiyejenga hana uwezo wa kujenga. Aristotle aliwapinga katika kitabu cha tisa cha Metafizikia. Ingekuwa hivyo, alisema, mjenzi angepoteza ufundi wake kila anapoweka vifaa chini, na mtu angekuwa kipofu kila anapofumba macho. Mahali pengine aliongeza tofauti inayowafaa sana mashabiki wa kikapu. Mtoto ana uwezo wa kusoma kwa maana ya kwamba anaweza kufundishwa. Aliyekwisha kujifunza ana uwezo huo hata akiwa amelala. Uwezo wa kwanza ni wa kujifunza, wa pili ni wa kutenda.

Shabiki anaposema kijana "ana kipaji", huwa hasemi ni uwezo upi kati ya aina hizo mbili. Kijana mwenye kimo cha sentimita 210 na mikono mirefu ana uwezo wa aina ya kwanza. Aliyekwisha kujua kusoma ulinzi wa wapinzani na kupasi kwa wakati ana uwezo wa aina ya pili, hata kama kocha hajampa dakika. Makosa mengi ya utabiri hutokana na kuuhesabu uwezo wa kwanza kana kwamba ni wa pili.

Sekta ya madini, inayoendesha uchumi wa ukanda huu, imelazimika kutenganisha mambo haya, kwa sababu kuyachanganya kunagharimu fedha. Kanuni za kutoa taarifa za migodi, kama ile ya Australia iitwayo JORC, zinagawa dhahabu iliyo ardhini kwa kadiri ya ushahidi. Kuna inayodhaniwa ipo kwa sampuli chache, kuna iliyoonyeshwa na uchorongaji wa kutosha, na kuna iliyopimwa kwa karibu. Zote hizo huitwa rasilimali. Sehemu yake huitwa akiba pale tu inapothibitika kwamba kuichimba kutalipa, kwa bei iliyopo na kwa mitambo iliyopo. Kwa hiyo mwamba ule ule unaweza kuingia katika akiba au kutoka bila chembe moja ya dhahabu kuongezeka au kupungua. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa enzi za ukoloni, ulifungwa mwaka 1966, wakati bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia. Mwaka 2000 mgodi mpya ulifunguliwa katika eneo hilo hilo na ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu Afrika Mashariki. Wachimbaji wadogo nao wanaujua ukweli huu kwa upande wao: marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, hununuliwa na kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi, kwa kuwa dhahabu nyingi ilibaki humo.

Kisa cha Hasheem Thabeet kinaeleweka vizuri kwa mgawanyo huo wa rasilimali na akiba. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa tayari kijana, akasoma shule ya Makongo kabla ya kwenda Marekani. Katika msimu wake wa mwisho kwenye Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa na kimo cha sentimita 221, alizuia wastani wa mitupo zaidi ya 4 kwa mchezo na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa ya vyuo. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya. James Harden alichaguliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Thabeet alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini. Alicheza mechi 224 za NBA hadi 2014, kwa wastani wa pointi 2.2. Harden na Curry wote waliibuka wachezaji bora wa ligi, na Curry ana ubingwa mara 4.

Waliomchagua hawakuona kitu kisichokuwepo. Kimo kilikuwepo, na mitupo aliyoizuia ilihesabiwa. Walichokosea ni daraja la ushahidi: mtu aliyekuwa na miaka michache tu katika mchezo huo alihesabiwa kama akiba iliyothibitishwa. Mazingira nayo yalibadilika. Memphis ilikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ile ile, na katika miaka iliyofuata ligi nzima iligeukia mitupo ya pointi tatu, jambo lililoshusha thamani ya mchezaji mrefu anayebaki chini ya kikapu na kuipandisha ya Curry. Cheo cha Thabeet pia kinategemea kipimo. Akilinganishwa na waliochaguliwa baada yake, alishindwa. Akilinganishwa na Watanzania wote waliowahi kushika mpira wa kikapu, ndiye wa kwanza kufika NBA.

Afrika ya Kati na Mashariki imeendelea kutoa majina ya kubishania. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa saba mwaka 2021 na Golden State Warriors na kupata ubingwa msimu uliofuata. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alicheza Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 17, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi. Ubishi juu ya vijana kama hawa una maana pale unapotaja walichokwisha kufanya, walichofundishwa, na kinachosubiri dakika za uwanjani.

Dini mbili zenye waumini wengi Tanzania zina kisa kimoja kinachogusa swali hili. Katika Biblia, kitabu cha kwanza cha Samweli, mfalme Sauli anaelezwa kuwa mrefu kuliko watu wote, kuanzia mabegani kwenda juu. Baadaye anakataliwa, na nabii Samweli anapofika kwa Yese na kumdhania mwanawe Eliabu kuwa ndiye mteule, anaonywa asitazame sura wala kimo. Anayechaguliwa ni Daudi, mdogo wa wana wa Yese, aliyekuwa machungani. Katika Qurani, sura ya Al-Baqara, mfalme Sauli anaitwa Taluti. Watu wanampinga kwa kuwa hana mali, nao wanajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu amemzidishia elimu na mwili. Simulizi ya kwanza inatahadharisha dhidi ya kimo, ya pili inakitaja kuwa neema, lakini pamoja na elimu. Zote zinakutana katika jambo moja: wanadamu walikuwa na kipimo chao tayari, na kipimo hicho kilikuwa kibovu. Katika simulizi ya Qurani jeshi la Taluti linajaribiwa mtoni, na wengi wanaokunywa maji wanabaki nyuma. Uthabiti wao haukujulikana mpaka ulipojaribiwa.

Mfano wa madini una mpaka wake. Dhahabu haibadiliki kwa kuwa mjiolojia ameandika ripoti mbaya. Kijana husikia anayosemwa, na wanaomzunguka hutenda kwa kuyafuata: anayeitwa nyota hupewa kocha, chakula na nafasi ya kukosea, anayeitwa wa kawaida hukosa vyote vitatu, na kushindwa kwake kunahesabiwa kuwa ushahidi kwamba hukumu ilikuwa sahihi. Utabiri juu ya mtu huwa sehemu ya sababu za kile unachokitabiri, kwa hiyo una wajibu ambao hukumu juu ya mwamba haina. Bahati nayo ina sehemu yake. Goti la kijana laweza kuumia, kocha wake akahama, na asilaumiwe yeye wala aliyemwamini.

Hukumu iliyo bora juu ya wachezaji, basi, ni ile inayotaja kipimo chake kabla ya kutoa cheo, inayotenganisha uwezo wa kujifunza na uwezo wa kutenda, na inayosema ni masharti gani yakitimia ndipo kijana atafika. Orodha isiyo na kipimo haiwezi kuwa ya kweli wala ya uongo. Utabiri usio na masharti ni matumaini tu, na haufai kutumiwa kumpa kijana nafasi wala kumnyima.