Mlio na Neno

Mtu aliyemtukana mwenzake aweza kujitetea kwa kusema, "Neno lilinitoka tu"? Ili tupate jibu, yafaa tumtazame kwanza tumbili, ambaye wakaao Likoni na Kisauni wanamjua vyema.

Tumbili wa Amboseli walichunguzwa na wataalamu Seyfarth, Cheney na Marler, waliotangaza matokeo yao mwaka 1980. Tumbili amwonapo chui hutoa mlio mmoja, na wenzake hukimbilia mitini. Amwonapo tai hutoa mwingine, nao hutazama juu au hujificha vichakani. Amwonapo nyoka hutoa wa tatu, nao husimama kwa miguu miwili wakichungua nyasini. Wataalamu waliwasikilizisha milio hiyo kutoka katika kanda, pasipo adui yeyote, na tumbili wakafanya vivyo hivyo.

Katika kima na wanyama wengine wanyonyeshao, milio ya namna hii hutawaliwa hasa na sehemu ya kale iliyo katika ubongo wa kati. Sehemu hiyo huziamuru pumzi, koo na kinywa zifanye kazi pamoja. Gamba la ubongo liongozalo uso na koo likiharibika pande zote mbili, kima huendelea kulia. Lakini mtu hupoteza usemi. Sababu ni kwamba kwa mtu gamba hilo lina njia ya moja kwa moja hadi kwenye neva za koo, na kwa kima njia hiyo ni hafifu mno.

Basi mtu ana njia mbili. Ukikanyaga mwiba ukaguta, hakuna wa kukulaumu, maana hiyo ni njia ya kale. Lakini tusi na uongo ni maneno, na maneno hupita katika lango lenye bawabu. Hasira yaweza kumsukuma bawabu huyo, lakini haimwondolei kazi yake.

Fikiri kijana apigaye ukelele wa mzaha katika feri ya Likoni: "Tunazama!" Wasafiri hawatangoja ushahidi, kama tumbili wasivyongoja kumwona chui. Nao wanakumbuka feri ya Mtongwe, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikaua watu zaidi ya 250. Msikiaji hana nafasi ya kupima. Kwa hiyo mzigo wote ni wa msemaji.

Labda utasema kwamba hata tumbili hujizuia, kwani akiwa peke yake huweza kumkimbia chui kimya. Ni kweli. Ikiwa yeye mwenye njia hafifu huweza hayo, wewe je?

Lakini hukumu na iwe ya haki. Yuko mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza maneno yote akabakiwa na kiapo au tusi moja, limtokalo bila kutaka. Huyo tumhurumie, kwa kuwa bawabu wake ameumia. Wewe mwenye bawabu mzima huna udhuru huo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi: dole hujikwaa lisipoona, bali ulimi hupewa nafasi ya kutazama kwanza.