UZI USIOPENDWA

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, hasa pande za baridi kama Njombe, Makete, Lushoto na Mbulu, lipo sanduku la nyuzi za kufumia ambalo halifunguliwi ila kwa nadra. Ndani yake limo nusu donge lililosalia baada ya kufuma sweta la shule. Limo donge la rangi iliyopendeza dukani chini ya taa, ikafika nyumbani ikawa kama tope. Limo na la sufu ngumu inayowasha shingoni. Mwenyewe hazitupi nyuzi hizo, kwani alizilipia. Wala hazifumi, kwani hazipendi. "Akiba haiozi," hujisemea, na kulifunika sanduku. Lakini akiba hii yaoza. Nondo huila sufu kimya kimya, kama Bwana wetu alivyotuonya juu ya hazina za duniani.

Siku moja mama mmoja alitufungulia sanduku la namna hiyo, akatuuliza: "Baba, nyuzi hizi sizipendi hata kidogo. Nikimfumia maskini, je, nimetoa sadaka, au nimezitupa kwa njia ya heshima?" Tulimjibu upesi, bila kufikiri: "Mfumie tu, mama. Mchagua jembe si mkulima." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Lakini mimi nimechagua, Baba. Ndiyo maana zimebaki."

Neno lile limetukaa moyoni, na leo twataka kulijibu vema zaidi.

Kwanza, yatupasa kukiri kwamba shaka ya mama yule ilikuwa ya haki. Iko namna ya kutoa ambayo si kutoa, bali ni kufagia nyumba. Mtu hukusanya asivyovitaka, huvipeleka mlangoni pa mwenye shida, kisha husimama akingoja shukrani. Huyo amemgeuza ndugu yake kuwa jaa. Nabii Malaki aliwakemea watu waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, ambao wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Na Kristo ametufundisha kwamba lo lote tumtendealo mdogo, twamtendea Yeye. Sweta linalomwasha mtoto wa tajiri litamwasha na mtoto wa maskini.

Pili, kuitoa ziada si jambo la kujivunia. Mtakatifu Basili Mkuu, Askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliwahubiria matajiri kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni ni mali ya yule aliye uchi. Anayeitoa, basi, amelipa deni. Je, ukarimu wenyewe waanzia wapi?

Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino atusaidia. Afundisha kwamba upendo wa mwanadamu huamshwa na wema anaouona katika kitu, bali upendo wa Mungu ndio unaoutia wema huo katika kitu. Sisi twaupenda uzi kwa kuwa ni mzuri. Mungu ametupenda sisi kabla hatujawa na uzuri wo wote, na kwa kutupenda ametupatia uzuri. Mwanadamu hawezi kuumba. Hata hivyo, kwa kuwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu, aweza kumfuata kwa mbali: kukitwaa kitu kisichopendwa, na kukifanyia kazi mpaka kistahili kupendwa. Hapo ndipo sadaka ilipo. Uzi wenyewe haukuwa na thamani machoni petu. Tulichotoa ni jioni zetu, nguvu za vidole vyetu, na mawazo yetu juu ya yule atakayeuvaa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mtu akishamwaza atakayevaa, huanza kuuliza maswali ya ufundi. Je, uzi huu ni sufu, au ni akriliki, ambayo ni jamii ya plastiki? Uchome ncha ndogo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Akriliki isifumiwe kitambaa cha kushikia sufuria, isije ikayeyukia mkononi mwa mtu. Kazi hiyo yafaa sufu ile ngumu inayowasha. Rangi kali hupoa ikifumwa nyuzi mbili pamoja, mmoja wake na mmoja wa kijivu, au ikiwekwa mstari mwembamba tu mkononi mwa sweta. Na uzi laini unaofulika, hata ukiwa kidogo, hutosha kofia ya mtoto mchanga. Kofia hiyo si kitu cha kudharau. Tangu mwaka 1978, kule Bogotá nchini Kolombia, madaktari walianza kuwafundisha akina mama kuwabeba watoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo imeenea mpaka katika hospitali zetu. Mtoto abebwaye hivyo huvikwa nepi, soksi na kofia, kwani kichwa chake hupoteza joto jingi.

Na masalio yasiyotosha hata kofia? Vipande 70 vya mraba, kila upande sentimita 15, vikiunganishwa safu 10 za vipande 7, huwa blanketi la sentimita 105 kwa 150. Akina mama 14 wa Jumuiya moja wakifuma vipande 5 kila mmoja, vimetimia. Ila sufu na akriliki zisichanganywe, kwani sufu ikifuliwa hurudi, na blanketi likajikunja. Katika blanketi hilo rangi ya tope ya mmoja hukaa kando ya nyekundu ya mwingine, ikaonekana kana kwamba ilikusudiwa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kukitumia kitu tena badala ya kukitupa upesi chaweza kuwa tendo la upendo, likifanyika kwa nia njema. Nia hiyo ndiyo aliyoiulizia mama yule. Nayo hupimwa mapema, hata dukani, kabla ya kununua donge jingine huku sanduku limejaa.

Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba Tabitha wa Yafa alipofariki, wajane walimzunguka Mtume Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hatusomi kwamba mtu ye yote alimwonyesha vitambaa vilivyosalia sandukuni.

Mama yule, kama asoma gazeti hili, na atusamehe jibu letu la haraka. Alifungue sanduku lake kabla ya baridi ya Juni. Lakini kabla hajashika sindano, amwite mtoto atakayevaa, amtandazie nyuzi zote mbele yake, amwulize apenda ipi. Na mtoto akiikataa ile ya rangi ya tope, asiudhike. Naye alikwisha kuikataa.