Bustani Katika Nyumba ya Kupanga

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yer. 29:1–14, Mwa. 2:8, 9, Mhu. 5:18–20, Kut. 31:1–5, Amo. 6:1–6, Mk. 14:3–9, Neh. 8:9–12.

Fungu la Kukariri: Yeremia 29:7.

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, nje ya mlango wa chumba huonekana ndoo kuukuu ya rangi iliyojazwa udongo. Ndani yake mna mchaichai, au mrehani, au ua ambalo hata aliyelipanda halijui jina. Mwenye chumba amelipa kodi ya miezi sita, na hana hakika kama mkataba utaongezwa. Maji ananunua kwa ndoo. Hata hivyo, kila jioni humwagilia mche wake kwa maji aliyooshea mboga. Jirani humwuliza, "Nyumba ya kupanga, maua ya nini?"

Swali hilo huulizwa kwa utani, lakini lina uzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wakitamka neno "kwetu" wana maana ya mahali pengine: Mara, Kigoma, Pare, Mbeya. Mwadventista anayeishi mjini ana "kwetu" mbili: kijiji alikotoka, na mji wa Mungu anaoungojea. Kwa hiyo yeye ni mpangaji mara mbili. Je, ni halali mtu wa namna hiyo kufurahia vitu vidogo vya mahali asipokusudia kubaki? Au kila faraja ndogo ni kamba inayomfunga hapa duniani?

JUMAPILI
Barua kwa Watu Waliofunga Mizigo

Mwaka 597 K.K. Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mashujaa na mafundi wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli (2 Fal. 24:14–16). Muda si mrefu manabii wakaanza kuwaambia watu walichopenda kusikia. Huko Yerusalemu, Hanania alitangaza kwamba nira ya Babeli ingevunjwa katika miaka miwili (Yer. 28:1–4). Huko Babeli kwenyewe walikuwapo wengine wa aina hiyo (Yer. 29:8, 9).

Mtu anayetazamia kuondoka baada ya miaka miwili hapandi mti wa matunda. Huacha mizigo imefungwa, akavumilia. Ndiyo maana barua ya Yeremia iliwashtua. Mungu aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautafute usitawi wa mji ule na kuuombea, kwa sababu kurudi kwao kungekuja baada ya miaka sabini.

Yafaa kuangalia jambo moja ambalo msomaji hulipita upesi. Mungu hakuwaamuru wapande bustani tu. Aliwaamuru pia wale matunda yake. Kazi peke yake haikutosha, walitakiwa kuonja. Walioipokea barua hiyo walikuwa na huzuni ya kweli, na Zaburi 137 inaonyesha jinsi walivyotundika vinubi vyao na kulia. Mungu hakuwakemea kwa machozi hayo. Aliwakataza tu kuyageuza kuwa makao.

Mabamba ya udongo yaliyopatikana kutoka Babeli ya kale yanaonyesha kwamba wako waliofanya hivyo hasa. Yanataja makazi yaliyoitwa kwa jina la Yuda, na watu wenye majina ya Kiebrania wakilima, wakilipa kodi na kuandikiana mikataba. Walipanda katika ardhi isiyokuwa yao.

Soma Yeremia 29:4–14. Agizo la kujenga na kupanda linahusianaje na ahadi ya kurudishwa? Kwa nini Mungu aliyatoa yote mawili katika barua moja?

JUMATATU
Kilichopendeza Macho

Katika Mwanzo 2:9 miti ya Edeni inatajwa kwa sifa mbili: ilitamanika kwa macho, na ilifaa kwa chakula. Uzuri umetajwa kwanza. Kama Muumba angetaka tu watu washibe, mti mmoja wenye sura yoyote ungetosha. Lakini aliumba rangi, harufu na vivuli ambavyo havishibishi tumbo, naye akaviita vyema kabla dhambi haijaingia.

Hata baada ya dhambi hakubadilika. Yesu aliwaelekeza wasikilizaji wake, ambao wengi wao walikuwa maskini, watazame maua ya kondeni na wajifunze kwayo juu ya Baba (Mt. 6:28–30). Alikuwa anawafundisha wasiwe na hofu ya kesho. Kwa hiyo mtu mwenye mashaka ya kodi na ada hakuambiwa akunje uso mpaka mashaka yaishe. Aliambiwa asimame, atazame ua.

Fikiria pia asubuhi ile kando ya bahari ya Tiberia (Yn. 21:9–13). Kristo alikuwa amefufuka. Alikuwa na neno zito la kumwambia Petro aliyemkana, na kazi ya ulimwengu mzima ya kuwakabidhi. Lakini kwanza aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawaita wachovu wale waje wale. Mshindi wa mauti hakuona chakula cha asubuhi kuwa jambo dogo mno kwake.

Uzuri gani mdogo huupita kila siku njiani bila kuutazama? Ungebadili nini katika maombi yako kama ungeutaja kwa jina mbele za Mungu?

JUMANNE
Faraja Isiyodanganya

Wengine huogopa kwamba furaha ndogo ni njia ya kukimbia ukweli. Hofu hiyo ina sababu. Jiji limejaa faraja za kudanganya: pombe, kamari za simu, picha zinazotazamwa mpaka usiku wa manane. Mtu huzitafuta ili asahau, na akizinduka hukuta deni limeongezeka.

Lakini Mhubiri anaonyesha furaha ya namna nyingine. Mwandishi wa kitabu hicho hakuwa mtu wa kujifariji kwa ndoto. Aliona machozi ya walioonewa wasio na mfariji (Mhu. 4:1). Aliona kazi isiyo na faida, na kifo kinachowapata wote. Macho hayohayo yaliyoona hayo ndiyo yaliyoona pia kwamba kula, kunywa na kufurahia matunda ya kazi ni kipawa cha Mungu (Mhu. 5:18–20). Hakusema kwamba taabu si taabu. Alisema kwamba ndani ya taabu kuna sehemu aliyopewa mtu, naye asiipokee kwa shingo upande.

Mfanyakazi anayetoka Kigamboni huvuka kwa pantoni kwenda Magogoni. Amesongamana na wenzake, magari na mikokoteni. Katikati ya mlango wa bahari upepo huvuma, na kwa dakika chache jasho hukauka. Upepo huo haulipi deni lake wala haumponyi mtoto aliyemwacha na homa. Akishuka, jiji ni lilelile. Je, ulikuwa uongo? Hapana. Faraja ya uongo humwambia mtu kwamba hana shida. Faraja ya kweli humwambia kwamba shida yake siyo kitu pekee kilichopo. Mungu yupo pia, na upepo ni wake.

Kipimo chake ni rahisi. Faraja ya uongo haiwezi kushukuriwa kwa magoti; ikiletwa mbele za Mungu huona aibu. Kikombe cha chai ya mchaichai, mazungumzo barazani umeme ukikatika, wimbo unaoimbwa polepole wakati wa kufua: hivi vyote huweza kupelekwa katika maombi bila kufichwa.

JUMATANO
Mikono Iliyojazwa Roho

Soma Kutoka 31:1–5. Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa kazi gani?

Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kuchonga, kufua dhahabu na kubuni kazi za ustadi. Mungu angeweza kutaka hema ya turubai tupu. Alitaka rangi ya samawi, zambarau na nyekundu, na makomamanga katika pindo la vazi la kuhani. Watu waliotoka utumwani, ambao mikono yao ilikuwa imezoea matofali ya Farao, walipewa nafasi ya kutengeneza kitu kizuri.

Hapa pana jambo kubwa kwa mtu wa mjini. Kazi nyingi za jiji hazimwulizi mtu yeye ni nani. Mlinzi hufungua geti, kuli hubeba, dada wa kazi hufua. Mtu aweza kupita mwaka mzima bila kufanya jambo lenye alama ya mikono yake mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini mwa Tanzania kutafuta riziki, akafanya kazi za nyumbani kwa wengine. Mnamo mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora ndege na wanyama. Hakuwa na vifaa vya wasanii. Alitumia vipande vya ubao mwembamba na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji huo bado una jina lake. Wenye majina yasiyojulikana nao wana vipawa: anayesuka ukili, anayedarizi kitambaa cha meza, anayepanga sauti za kwaya, anayechagua kanga kwa kufikiri maneno yaliyoandikwa juu yake.

Je, huku si kujionyesha? Petro anaonya juu ya pambo la nje linalochukua nafasi ya utu wa moyoni (1 Pet. 3:3, 4), na onyo hilo halijafutwa. Majivuno husema, "Nitazameni." Kipawa husema, "Tazameni hiki." Anayejivuna akikosa watazamaji huacha. Mwenye kipawa hudarizi hata kama kitambaa kitabaki chumbani, kwa sababu anafanana kidogo na Muumba aliyevisha maua ya kondeni mahali ambapo hakuna mtu apitaye.

ALHAMISI
Mkono Uliofungwa, Mkono Uliofunguliwa

Amosi 6:1–6 inawaelezea watu waliojaa starehe: vitanda vya pembe, nyama laini, muziki, marhamu bora. Nabii anatangaza ole juu yao, na mwisho wa fungu la sita anaeleza doa lao: hawakuhuzunika kwa ajili ya mateso ya Yusufu. Starehe yao ilikuwa ukuta. Ndugu zao walikuwa wakiangamia upande wa pili, nao hawakusikia.

Basi swali gumu lazima liulizwe. Mama ameweka shilingi kidogo kidogo kwa miezi mitatu ili anunue pazia la chumba chake. Usiku mtoto wa chumba cha pili anashikwa na malaria, na wazazi wake hawana kitu. Hapo hapana fumbo. Pazia litangoja, na mwenye kuelewa Injili hatahitaji mahubiri.

Lakini mtoto akipona, je, mama huyo anunue pazia, au aendelee kujinyima kwa kuwa maskini wengine wapo daima? Katika Marko 14:3–9 mwanamke alimwaga marhamu yenye thamani ya zaidi ya dinari mia tatu, karibu mshahara wa mwaka wa kibarua. Waliokuwapo wakanung'unika kwa jina la maskini. Yesu alimtetea. Hakuwaondoa maskini katika wajibu wao, maana aliwakumbusha kwamba wangeweza kuwatendea mema wakati wowote. Alikataa tu kwamba upendo upimwe kwa mizani ya manufaa peke yake. Na anayesema maskini anahitaji unga tu, wala si pazia, wala si ua, amemfanya ndugu yake kuwa tumbo lisilo na macho.

Kipimo kizuri kimo katika Nehemia 8:10. Watu walipolia, waliambiwa wale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Mambo hayo matatu yalitolewa pamoja. Furaha inayofunga mkono ni ya Samaria ya Amosi. Furaha inayoufungua ni nguvu ya Bwana. Mwenye ndoo ya mchaichai humjua kila jirani aliyekuja kuomba majani mawili.

Je, furaha zako ndogo zimewahi kuwa mlango wa jirani kuingia? Ni ipi kati yake imekuwa ukuta?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen White alishauri mara nyingi familia zitafute makao ya mashambani, ambako watoto wangeona kazi za Mungu kwa karibu. Alisisitiza vilevile kwamba miji isiachwe bila kuhubiriwa. Mwamini anayeweza kuhama na aombe, apange, ahame kwa busara. Asiyeweza leo asihesabu miaka yake ya mjini kuwa miaka ya kungoja tu kituoni. Ndoo moja ya udongo mlangoni ni shamba dogo, na mtoto anayeimwagilia anasoma kitabu kilekile cha uumbaji.

Tena, Sabato yenyewe ni shule ya jambo hili. Isaya 58:13 inaagiza iitwe siku ya furaha. Anayeshindwa kufurahi siku sita kwa vitu vidogo atashangaa moyo wake ukiwa mgumu siku ya saba.

Tumaini la marejeo halipungui kwa hayo. Nabii Zakaria alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorejezwa, aliona wazee wameketi njiani wakiwa na mikongojo yao, na watoto wakicheza mitaani (Zek. 8:4, 5). Furaha za mtaa zimo ndani ya ahadi. Na katika mji wa mwisho, kati ya njia yake kuu, Yohana aliona mto, na mti wa uzima ukizaa matunda kila mwezi (Ufu. 22:1, 2). Mji ule hauna mpangaji, lakini una mti. Anayepanda leo katika nyumba isiyo yake anajizoeza kukaa katika nyumba ambayo hatafukuzwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni nani aliye karibu zaidi na hali ya wahamishwa wa Babeli? Barua ya Yeremia ingemwambia nini?

2. Jadilini tofauti kati ya faraja inayosahaulisha na faraja inayoshukuriwa. Toeni mifano kutoka mtaani kwenu.

3. Mshiriki mmoja asema, "Yesu yu karibu kuja, hakuna haja ya kupamba chumba." Mtamjibuje bila kudhoofisha imani ya marejeo wala kumdharau?

4. Juma lijalo darasa lenu laweza kumpelekea "sehemu" nani ambaye hakuandaliwa kitu? Isiwe unga peke yake. Fikirini pia jambo la kumfurahisha macho.