Brenda ya Pili

Jiko la nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam ni la hatua nne kwa mbili. Friji ikifunguliwa, aliye kwenye sinki lazima ajibanze ukutani. Mtungi wa gesi uko chini ya meza, ndoo za maji ya akiba ziko nyuma ya mlango, na hapo sijaweka hata sufuria moja. Juu kuna kabati la mbao la milango miwili. Humo vimelala vyombo vya umeme: brenda mbili, jiko la wali, tosta, mashine ya kusagia nyama, na birika ambalo waya wake hauifikii soketi.

Najua ushauri nitakaopewa. Piga rafu, ning'iniza, panga kwa ukubwa, kinachotumika kila siku kikae karibu na mkono. Nimeshapanga, vimeenea. Swali lililobaki haliwezi kutatuliwa na fundi seremala: nina haki gani ya kufungia kabatini kitu nisichokitumia, huku nikijua kwamba mtu wa karibu yangu anakihitaji?

Kwanza tuulize vilifikaje humo, maana sikuvinunua. Vililetwa na kicheni pati. Kamati ilikaa, michango ikakusanywa, nikafundwa, nikatunzwa vyombo. Brenda hupendwa sana kwenye shughuli hizi kwa sababu boksi lake ni kubwa, linaonekana hadi meza za nyuma, na linatoka vizuri kwenye picha. Hivyo si ajabu makundi mawili yakawaza brenda usiku mmoja. Upendo ule ulipimwa kwa maboksi, na hakuna aliyekuja na futi kamba kupima jiko. Shangazi yangu anasema zawadi ya kufundwa haigawiwi. Simbezi. Zawadi hubaki na jicho la aliyeitoa, na siku atakapokuja kunywa chai atauliza, "Mwanangu, ile brenda yangu iko wapi?" Kujibu kwamba iko kabatini ni rahisi kuliko kujibu kwamba iko kwa watu.

Lakini linganisha na nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Wapangaji sita, ua mmoja. Mbuzi ya kukunia nazi hukaa uani, kinu na mchi vimeegemezwa ukutani, na kila mtu anajua ni vya nani. Mwenye nazi asiye na mbuzi haombi kwa hotuba. Anasema tu, "Mama, naazima mbuzi," na mara nyingi mkono umeshaishika. Kiswahili chenyewe kimeligawa jambo hili kwa makini. Chumvi unaomba, kwa kuwa hairudi. Fedha unakopa, na utakazorudisha si noti zilezile. Mbuzi unaazima, maana inarudi ileile, na ikirudi na machicha utasemwa wiki nzima.

Ua ulikuwa na faida moja ambayo hatuitaji mara nyingi: chombo kilionekana. Ukikiona unaweza kukiomba. Kabati lina mlango. Nimeanza kuamini kwamba huo mlango ndio kiini cha mambo, zaidi hata ya ubahili wetu.

Jiko lenye makabati ya kujengewa lina historia yake. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, karibu na langu kabisa, na yalijengwa kama 10,000 hivi. Kila kitu kilipewa mahali pake. Hata unga na mchele vilikuwa na visanduku vyenye majina. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mama wa nyumbani hatua na uchovu. Ila lilipimwa kwa mtu mmoja, na kwa nyumba moja inayojitosheleza kwa kila kitu. Jirani hana pa kusimama ndani ya mchoro ule. Majiko ya ghorofa zetu ni wajukuu wa mchoro huo, na sisi tumeurithi pamoja na dhana yake, kwamba aliyestaarabika haendi kugonga mlango wa mtu kutafuta chungio.

Watoto wa madrasa wanahifadhi mapema sura ya 107, Al-Maun, yenye aya saba tu. Wanaolaumiwa mwishoni mwake ni watu wanaosali kwa kujionesha na kuzuia hiyo "maun". Ni nini hiyo? Wapo wafasiri waliosema ni zaka. Lakini tafsiri inayonasibishwa na Ibn Masud, sahaba wa Mtume, ni ya jikoni kabisa: vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Mimi kila nikiifikiria natikisika kidogo. Chungu kimewekwa karibu na sala! Ukifuata tafsiri hii, ubaya unaosemwa hapo ni mdogo kiasi kwamba hata polisi hawezi kuuandika: mtu ana ndoo, jirani ana shida ya ndoo, na ndoo haikutoka.

Upande wa pili yupo John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, ambaye katika kitabu chake cha 1689 alitafuta mpaka wa haki ya kumiliki. Mpaka alioupata ni kuoza. Chukua matunda unavyoweza kuyatumia. Yakikuozea mikononi, umechukua fungu la wengine. Ila akaongeza kwamba anayebadilisha tunda na kitu kisichooza hajamdhulumu mtu, hata akikirundika kiasi gani. Wahenga wetu nao walisema akiba haiozi. Basi brenda ya pili imepona? Haiozi, imelala zake kwenye boksi.

Mimi nasema inaoza. Mpira wa chini ya jagi hukakamaa kwa joto la Dar, visu hupata kutu kwa hewa ya chumvi, na siku ukiiwasha baada ya miaka mitano inavuja. Hata kama isingevuja, kilichokuwa na thamani ndani yake ni kazi, na kazi ya leo isipofanyika leo haiwekwi akiba. Glasi za juisi ambazo hazikusagwa mwaka jana zimekwenda.

Nisiseme upande mmoja tu, jamani. Kuazimana kuna maumivu, na wanaoyasifu maisha ya uani kwa kawaida hawakuwa wenye kinu. Mwenye nacho ndiye anayeamshwa alfajiri. Na anayeazima naye hana raha. Ndiyo maana wakasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Isitoshe, mbuzi ni ubao na chuma, haiungui. Brenda ina mota.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu anauza juisi ya parachichi na embe nje ya geti. Alipokuja aliomba brenda, na hakuiomba ya jioni moja. Aliitaka kwa kazi ya kila siku. Hapo si kuazima tena kwa maana ya uani, na sidhani alikuwa na haki ya kunidai. Shida yake haiigeuzi mali yangu kuwa yake. Lakini nami nilidaiwa sababu, na "naitunza" si sababu. Ni maelezo tu ya mahali kilipo kitu. Nilimpa ile ya pili. Shangazi nitamweleza mwenyewe.

Kilichotuchukua muda ni swali la hasara. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa zaidi hapa pwani, humfanya mwazimaji alipe kitu kikiharibika, isipokuwa kimechakaa kwa matumizi yaleyale aliyoruhusiwa. Hanafi wao wanaona ni amana tu, halipi mpaka awe amefanya uzembe. Tulichagua njia ya kwanza: mota ikiungua kwa kusaga matunda ni yangu, jagi likianguka ni lake. Akauliza, "Na barafu je, mama?" Swali zuri, kwa sababu brenda ile si ya mabonge ya barafu, na juisi ya moto Dar hainunuliwi. Tukakubaliana barafu ipondwe kwanza kwa mchi. Hana kinu, huwa anakiazima kwa mama wa nyumba ya chini.