Kutu, Nyundo na Swali la Lori Lile Lile

Kutu haianzi pale inapoonekana. Huanzia ndani ya mikunjo ya bodi, mahali ambapo mabati mawili yaliunganishwa kiwandani: chini ya mlango, kwenye pembe za sakafu ya kabini, chini ya mpira wa kioo cha mbele, na nyuma ya madigadi ambako tope hukaa na unyevu wake. Rangi inapotoa malengelenge, upande wa pili umekwisha kuliwa. Chuma kinapoungana na oksijeni na maji hugeuka unga mwekundu unaodai nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, na kwa sababu hiyo mshono wa bodi husukumwa na kutu yake yenyewe mpaka ukafumuka. Hematiti, mawe ambayo viwanda huyayeyusha kupata chuma, nayo ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu, kwa hiyo, ni chuma kinachorudi kwao.

Lori la zamani hupita katika hali hii mara nyingi. Bedford TJ, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958 na kuuzwa sana nchi za ng'ambo, ikikaa miaka hamsini mahali penye hewa ya bahari, huwa imekatwa na kutiwa viraka hata mwenyewe akasahau bati lipi lilitoka nalo kiwandani. Hapo ndipo linapozuka swali la kale: je, hilo bado ni lori lile lile?

Mwandishi wa kale Plutarch aliliandika swali hili kuhusu merikebu ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ile ile, wengine wakakataa. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akalizidishia ugumu. Mtu akiziokota zile mbao kuukuu moja moja na kuziunga kwa mpangilio wake wa awali, merikebu ya kweli ni ipi? Tangu hapo swali limekuwa likijadiliwa kwa mbao. Bati lina tabia nyingine, na tabia hiyo huonekana kwenye vifaa vya fundi bodi.

Kazi huanza kwa brashi ya waya na nyundo yenye ncha. Brashi huondoa kutu na rangi mpaka chuma king'ae. Nyundo hugongagonga kutafuta mpaka. Bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti butu, na pengine ncha huzama kabisa. Mpaka huo fundi hauchagui apendavyo. Umewekwa na kutu, yeye huutafuta tu na kukata kwa mkasi wa bati au tindo pale ambapo chuma kizima kinaanza. Kiraka hutolewa kwenye bati jipya lenye unene unaolingana na la zamani, karibu milimita 1, kisha hufinyangwa. Palipo na mbonyeo wa bakuli, hupigwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Palipo na mkunjo, hubanwa kwenye jiriwa na kukunjwa kidogo kidogo.

Kifaa chenye falsafa kuliko vyote ni doli, kile kipande kizito cha chuma kinachojaa kiganjani, ambacho fundi hukishika nyuma ya bati huku nyundo ikipiga mbele. Nyundo ikilipiga bati moja kwa moja juu ya doli, bati hubanwa, huwa jembamba na kutanuka. Doli ikikandamizwa chini ya bonde na nyundo ikapiga kilima kilicho kando yake, bonde hupanda na kilima hushuka bila bati kuongezeka ukubwa. Asiyezijua njia hizi mbili hupiga mpaka bati likapata eneo kubwa kuliko nafasi yake, nalo likabaki kubonyea na kurudi kama mfuniko wa kopo. Dawa yake ni moto: doa dogo hupashwa mpaka liwe jekundu, hugongwa, kisha hupozwa kwa kitambaa chenye maji, nalo husinyaa. Anayepima matokeo ni mkono zaidi kuliko jicho. Kiganja kilichopitishwa polepole juu ya kitambaa chembamba hugundua wimbi ambalo jicho halilioni.

Vifaa hivi, basi, hugawa matengenezo katika namna mbili ambazo mjadala wa merikebu huzichanganya. Katika kunyoosha, chuma ni kile kile na umbo ndilo lililopotea likarudishwa. Katika kutia kiraka, chuma ni kigeni na umbo ndilo linalobaki. Je, kiraka hupata wapi umbo lake? Hulipata kutoka kwenye kingo zilizosalia, kutoka kwenye mlango wa upande wa pili, kutoka kwenye karatasi iliyokatwa kwa kufuata mstari wa zamani. Chuma kizee hukifundisha chuma kipya namna ya kukaa. Ubao wa merikebu unaweza kukatwa kwa kipimo mbali na merikebu yenyewe. Kiraka cha bodi kuukuu, ambayo imekwisha kupinda kwa njia zake, hakifanyiki bila lori kuwepo.

Swali hili limeulizwa pia kwa chombo cha magurudumu. Katika maandiko ya Kibuddha, mtawa Nagasena alimuuliza Mfalme Milinda, ambaye wanahistoria humtambua kuwa Menander, kama gari lililomleta ni ekseli, au magurudumu, au nira. Mfalme alipokana kila kimoja, mtawa akamwonyesha kwamba “gari” ni jina tu linalotumika viungo vikikutanishwa, na nafsi ya mtu nayo ni hivyo hivyo. Hoja ni kali, lakini haimalizi kazi ya gereji. Kiraka kilichokosea kwa milimita chache huuzuia mlango kufunga, na hakuna jina linaloweza kuuziba ule mwanya.

Wanatheolojia walilikuta tatizo hilo kwenye ufufuo wa mwili. Augustine, aliyefariki mwaka 430, alitoa mfano wa sanamu ya chuma iliyoyeyushwa au kusagwa: msanii akiirudishia umbo kwa maada yake yote, haidhuru chembe ya mkono ikienda mguuni. Kwake maada haina budi kurudi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu wanafalsafa alikubali kwamba roho inaweza kurudi kwenye mwili wa maada ile ile au nyingine, kwa kuwa mtu ni mtu kwa roho yake. Mwili wa mzee si ule wa utotoni, naye ni yeye yule. Lori halina roho ya kulitetea. Na maada ya Augustine haipatikani, kwa kuwa ile iliyoliwa imekwisha kupeperuka barabarani. Hata yule mwokota mbao wa Hobbes hana cha kuokota: unga mwekundu hauundi lori la pili. Kitendawili chake kinafaa mbao zinazotunzika. Kwa kutu, mshindani hazaliwi.

Kinachobaki ni mwendelezo wa umbo, kiraka kikipokea kutoka kingo, na kesho chenyewe kuwa ukingo wa kiraka kingine. Huo ndio utambulisho ambao bodi ya lori inaweza kuwa nao, na unatosha. Lakini unaweza kuigizwa. Puti iliyopakwa nene juu ya shimo hulipa jicho umbo kamili pasipo bati chini yake. Sumaku iliyofungwa kitambaa, ikipitishwa hapo, haishiki. Mwendelezo huo unaweza pia kukatika kweli. Kutu ikila hadi pasiwe na ukingo mzima wa kufuata, fundi hana budi kutafuta mlango wa lori lingine. Mlango huo una historia yake, na kwa sehemu hiyo lori limeanza upya, hata kama kabini yote iliyobaki haijakatika.

Sheria haijishughulishi na hayo. Huangalia namba ya chasisi. Lori lililobadilishwa kabini nzima hubaki lile lile kwenye karatasi, na kabini nzima iliyohamishiwa chasisi nyingine huchukua jina la huko. Ni uamuzi wa manufaa, wa kuzuia wizi na kukusanya kodi, na mtu asiudai zaidi ya hapo. Hata hivyo namba yenyewe imegongwa kwenye chuma. Kutu ikifika hapo, brashi ya waya hupitishwa kwa mkono mwepesi.