Shauri la Mtu Mmoja

Tangu zamani za babu zetu wa Mbulu na Hanang, neno lililowahusu majirani halikukatwa na mtu mmoja. Ng'ombe wakiibwa baina ya Wairaqw na Wadatoga, wazee walikaa chini ya mti, na kijana mwenye hasira, aliyekwisha kunoa mkuki wake, alipaswa kungoja wamalize. Kwa Wadatoga hata akina mama walikuwa na baraza lao, na mwanamume aliyewakosea walimtoza faini. Baraza laweza kukosea, lakini halikosi mtu wa kusema, "Sivyo."

Basi tujiulize: nchi ikitawaliwa na askari, ni nani amwambiaye mkuu "Sivyo" anapokata shauri juu ya mataifa mengine?

Mfano hauko mbali. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin aliitwaa serikali ya Uganda, akatawala kwa amri pasipo Bunge. Mwaka huo huo alizuru Israeli kama rafiki. Mwaka wa pili, baada ya kwenda Libya, akawafukuza Waisraeli. Tarehe 4 Agosti 1972 aliwatangazia askari huko Tororo kwamba Waasia wataondolewa nchini. Muda wao ulikuwa siku 90, naye alisema ameagizwa katika ndoto.

Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwako, na mawaziri walikuwako. Lakini Wanume Kibedi, shemeji yake mwenyewe, alikimbilia ng'ambo mwaka 1973. Michael Ondoga aliachishwa kazi mwaka 1974, kisha maiti yake ikaonekana katika mto Nile. Elizabeth Bagaya alifukuzwa kabla mwaka huo haujaisha. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa amekamatwa mahakamani Septemba 1972, asirudi tena. Na Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki Munno, aliuawa Januari 1973. Sisi tunaoshika kalamu ya gazeti la namna ile hatuwezi kulitaja jina hilo kwa wepesi. Baada ya hayo, nani angethubutu kutoa ushauri wa kweli?

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Wengine husema alitaka kuficha maasi ya askari wake. Wengine husema askari walivuka kwanza, naye akaridhia baadaye. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ameitwaa nchi yetu hadi mto Kagera. Wana wa vijiji vyetu wakaenda vitani, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Wako wasemao kwamba mambo ya nje yataka haraka na siri, kwa hiyo kichwa kimoja chatosha. Twakubali kwamba penye hatari amri iwe moja. Wala tusijisifu: Tanzania ya 1978 ilikuwa na chama kimoja, na Rais alikuwa na mamlaka makubwa mno. Lakini haraka ni ya kutekeleza. Kupima haki na dhuluma kwataka vichwa vingi na ndimi zisizoogopa. Mtawala aliyewatisha washauri wake hata wakanyamaza hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa.

Na walionyamaza, je? Hatuthubutu kumlazimisha kila baba wa watoto kuwa shahidi. Kunyamaza kwa hofu kwaweza kusamehewa. Bali kupiga makofi ili kupata cheo, huku ukijua damu itamwagika, hakuna udhuru.

Jambo hili huanzia nyumbani. Mtoto apigwaye kila asemapo kweli hujifunza kumwambia mkubwa lile apendalo kusikia. Kesho atakuwa afisa au waziri, na atafanya vivyo hivyo. Enyi wazazi, mtoto akiwaambia kwa adabu, "Baba, sivyo," msikilizeni hadi amalize. Huenda siku moja neno lake likaokoa watu wasiomjua, ng'ambo ya mpaka na huku kwetu pia.